Mwanaidi Ashuke Kabla Watu Hawajahesabiwa

Jeddah, mtaa wa Ghulail

Kwa mke wangu Mama Salehe,

Asalaam alaykum. Natanguliza salamu kama mtu anavyotanguliza hodi, halafu ndipo niingie. Hujambo wewe? Goti lako linasemaje na baridi ya huko mlimani? Salehe na mkewe hawajambo? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatuchezea? Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa sababu nasimama, natembea, nakula, na gunia la mchele ambalo vijana wawili wa Kibangladeshi wanalishika huku na huku, mimi nalibeba peke yangu. Waulize wanaonijua.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Kuna kijana wa Kikenya hapa ghalani, anaitwa Kariuki, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Aliniona nimeinama juu ya karatasi akasema, "Mzee wangu, leta nikuandikie, wewe utaje maneno tu. Ukienda hivi utamaliza Krismasi."

Nikamwambia mimi si mtu wa Krismasi na sijamwomba.

"Sawa mzee, lakini hiyo herufi umeilaza chini."

"Imechoka," nikamwambia. "Nitaiamsha."

Basi ukiona mahali herufi zimelala usidhani naumwa. Wewe ulisoma kisomo cha watu wazima mpaka mwisho. Mimi nilisoma mpaka pale mwalimu aliponiambia niache kubishana naye. Utaelewa.

Sikupiga simu kwa sababu nazijua simu zetu. Mpaka upande kule juu penye mtandao, na ukishapanda una watu nyuma yako wamekaa kwenye majani wanasikiliza kama hotuba. Tena kwenye simu wewe na mimi tunagombana. Kwenye barua hunijibu mpaka nimalize. Anayeileta ni bwana mmoja wa Pangani anayerudi nyumbani, ameniahidi ataifikisha Korogwe kwa dada yangu Fatuma, na Fatuma ataipandisha kwa gari la mboga. Ikikufika isome mpaka mwisho kabla hujaenda shamba. Ina jambo la kufanya upesi.

Kwenye simu sikukwambia nimehama, wewe unajua bado niko Riyadh, kwenye shamba la kafili wangu, yule Mwarabu aliyenidhamini na aliyeweka pasi yangu kabatini kwake. Unakumbuka wakala alipotukusanya Tanga aliuliza nani anawajua ngamia. Watu wakatazamana. Mimi nikanyoosha mkono. Ngamia nilikuwa sijamwona, lakini ngamia ni mbuzi mwenye kiburi, na mbuzi nimewafuga tangu sijatahiriwa. Kwenye pasi wakaniandikia ujana ambao nilishautumia zamani, ndevu nikazipaka piko, mambo yakaenda. Na wale ngamia walinitii. Mmoja tu alinitemea mate, na huyo alikuwa na wazimu, kila mtu pale alisema.

Halafu kafili akawauza. Akanileta huku Jeddah kwa ndugu yake mwenye ghala karibu na bandari. Hakuniuliza. Alisema yalla, nikapanda gari na begi langu. Njia nzima nilitazama mchanga ukipita, nikangoja nisikie kitu, huzuni au hata hasira, maana unanijua kwa hasira. Sikusikia kitu. Nilikuwa kama kikapu kinachohamishwa. Nimeona huku mtu anakauka kama muhogo wa makopa. Hauozi, hauna ladha, unakaa tu juu ya paa.

Joto la Jeddah si kama la Riyadh. La Riyadh linakuchoma na kukuacha. Hili la huku linakuvaa, shati linakuwa ngozi ya pili. Chumba chetu kiko Ghulail, mtaa wa watu weusi, Wahausa, Wachadi, Wasomali, wote wamo, na asubuhi unanunua maharage kwa mama wa Kinaijeria anayekutukana ukichelewa kutoa bakuli. Napapenda kiasi. Tunalala wanne. Kitanda cha juu yangu analala Mhindi mmoja, Mohan, na huyu ndiye sababu ya barua hii, kwa hiyo mshike.

Mohan anasema umri wake ni kama ule wa kwenye pasi yangu, lakini uso wake una umri wangu wa kweli. Ni mfupi, ana sauti ya chini, na anakunja nguo zake kama atazirudisha dukani. Kihindi sikijui na Kiswahili hakijui. Tunazungumza Kiarabu cha kazini, mafi hiki, yaani hakuna, halas kile, yaani kimekwisha, na mikono inamalizia. Tunaelewana kuliko mimi na mdogo wangu Hoza tunaozungumza lugha moja.

Siku moja mchana gunia lilipasuka ghalani, mchele ukamwagika, tukakaa kuuzoa. Mohan akachukua punje akaanza kuzipanga sakafuni. Hii nyumba yangu. Hii ya kaka. Hapa kisima. Hapa mungu wao, kajumba kadogo chini ya mti. Punje chache, Mama Salehe, ungezifunika kwa kiganja. Kijiji kizima. Nikamwuliza barabara iko wapi. Akainuka, akatembea mpaka mlangoni mwa ghala, akaweka punje moja pale kizingitini.

"Basi hapa," akasema.

"Na treni?"

Akatoka. Akaenda mpaka getini kwa mlinzi, akaweka punje nyingine chini, akarudi. "Treni huko."

Basi mimi nikaona huyu anajisifu. Sikubali mtu ajisifu mbele yangu kwa kuishi mbali. Nikapanga na mimi punje zangu, nyumba yetu, ya Hoza, msikiti, ule mti wa mparachichi wa shangazi Bi Mkubwa. Nikaweka mto. Nikamwambia, kwetu gari halivuki mto, mafi daraja, kabisa. Halafu nikaondoka na punje yangu ya basi. Nikapita mlangoni, nikapita getini, nikavuka barabara yenye malori, nikaenda kuiweka mbele ya duka la Myemeni. Myemeni akaniuliza naota? Niliporudi wote ghalani wanacheka, Kariuki amejilaza juu ya magunia. "Mzee ameshinda," akasema. "Mzee anatoka mbali kuliko watu wote Saudia."

Nilishinda kweli. Siku ile nilijiona mtu.

Mohan hakukasirika. Alinieleza kwamba kwao serikali ina desturi. Kijiji kikifikisha watu kadhaa kinaletewa barabara ya lami mpaka mlangoni. Kisipofikisha kinangoja. Wakaja makarani kuhesabu, wakahesabu nyumba kwa nyumba, na aliyekuwa hayupo siku nyingi hakuandikwa. Kijiji kikapungukiwa. Si na wengi. Walipungua watu ambao ungewaandalia sinia moja la wali wakala wakashiba. Nikamwuliza watu wa sinia hilo wako wapi. Akajigusa kifua. Mmoja huyu. Mwingine Dammam. Wawili Bombay kwenye majengo. Sinia lote liko kazini.

Akasema, basi haliji kwetu kwa kuwa watu ni wachache. Na watu ni wachache kwa kuwa basi haliji, kijana akishajua kufunga viatu anaondoka. Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayekueleza mlango unafunguka upande gani.

Sasa sikiliza. Mohan ana binti, Sarita. Alimwoza mji mmoja wenye hospitali na hiyo stesheni ya treni. Na kwao wana mila sawasawa na yetu. Mimba ya kwanza mtu anakwenda kuzalia kwa mama yake. Sarita akapata mimba akarudi kijijini, kwenye kile kiganja cha mchele. Mohan alifurahi kwa namna yake, yaani alikunja nguo polepole zaidi. Akaniambia binti yangu amerudi kwetu. Na mimi nikamwambia binti yangu Mwanaidi pia anarudi, nimemwamuru, kwangu mila haichezewi. Tukapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Halafu asubuhi moja tunashusha lori la mchele, simu yake ikalia. Alisimama pembeni akasikiliza. Alisema neno moja la kwao, mara kwa mara, kama mtu anayeitikia ndiyo. Kisha akaitia simu mfukoni akarudi kwenye foleni, akainama, akapewa gunia lake. Akalibeba. Akarudi kwa jingine. Tukamaliza lori. Mimi nilikuwa nyuma yake wakati wote, nikaona shingo yake tu, haikunionyesha kitu.

Tulipokaa kunywa maji nikamwuliza, "Nyumbani salama?"

"Binti halas," akasema.

Ninakwambia kama alivyoniambia. Uchungu ulianza, mkunga wa pale akashindwa. Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakafunga miti, wakambeba kuelekea barabarani. Lakini wabebaji walikuwa wazee wenzangu, maana vijana ndio wale wa sinia. Wakawa wanatua. Wanabeba kidogo, wanatua. Trekta wanalolitegemea lilikuwa limekwenda kwenye shughuli nyingine. Wakafika penye lami. Alikata roho pale wanaposubiri basi, akiwa anaiona barabara. Mtoto walimtoa. Yupo, ni wa kike, wanampa maziwa ya mbuzi.

Mohan akafunika kopo lake la maji. "Amekwenda mmoja, amekuja mmoja," akasema. "Kijiji watu ni walewale."

Msimamizi wetu Mmisri alisikia, akaja. Si mtu mbaya. Akasema, "Mohan, leo kazi basi. Nenda nyumbani ukapumzike."

Mohan akamwuliza, "Nyumbani wapi?"

Msimamizi akaondoka. Baadaye akaleta boksi la juisi akaliweka karibu na Mohan, halikuguswa mpaka jioni. Kusafiri hakukuwa na maana. Kafili wa Mohan mwenyewe yuko safarini na pasi iko kwake, na hata kama angeipata, kwao maiti huchomwa siku ileile. Ndege, treni, basi, halafu miguu. Angefika kuona majivu yameshapozwa.

Ijumaa akaniambia kwao akifiwa mwanamume hunyoa kichwa. Hakutaka kwenda kwa kinyozi. Alisema kinyozi atauliza. Tukapanda juu ya paa baada ya mimi kutoka msikitini, akakaa juu ya ndoo ya rangi, nikachukua wembe.

"Umewahi kunyoa mtu?" akaniuliza.

"Nimenyoa kijiji kizima."

"Kijiji kizima watu wangapi?"

"Nyamaza, nitakukata."

Sikumkata. Mahali pamoja tu karibu na sikio, na pale ni kichwa chake kilichojitokeza. Nywele zake ni laini, upepo wa baharini ulizichukua kabla sijazifagia. Nilingoja alie. Wenzake wa chumba wengine wawili walikaa ngazini, na wao nadhani walikuwa wanangoja. Hakulia. Nikajipima na mimi kama nitalia, maana mtu amekaa mbele yako kichwa wazi kama mtoto mchanga. Hakuna. Nikawa naona tu nimeruka kipande huku, nimeruka kipande kule, nirudie.

Nilipomaliza akajipapasa kichwa. Akaniuliza, "Mwanaidi amefika kwenu?"

"Amefika," nikasema.

"Basi lako liko wapi?"

Nikaupangusa wembe. Yeye alikuwepo siku ile, aliniona nikivuka barabara na punje yangu mkononi.

Ndiyo nakuja kwenye jambo lenyewe, Mama Salehe.

Uliniambia kwenye simu Mwanaidi amekwisha kufika kwetu Kwemlindi na tumbo limeshuka. Ukaniambia tena mwenyekiti wa kitongoji anapita nyumba hadi nyumba, anasema makarani wa kuhesabu watu wanakuja, na kwamba kata wamemweleza daraja la mto haliwezi kuletwa mahali penye kaya za kuhesabika kwa mkono mmoja. Kwa hiyo kila aliyeko mjini arudi, alale kijijini siku hiyo, aandikwe. Ukaniambia mwenyekiti alimwona Mwanaidi akafurahi, akamwambia usiondoke mpaka watu wahesabiwe. Nilicheka kwenye simu, nakumbuka. Nilisema vizuri.

Sasa sikia. Mwanaidi ashuke. Ashuke Korogwe siku ya gulio lijalo, gari la mboga likija ng'ambo ya mto apande mbele karibu na dereva, si juu ya kabichi. Mpaka mtoni ashuke kwa miguu yake mwenyewe sasa hivi akiwa na nguvu, apumzike anapotaka, anywe maji. Asije akashushwa juu ya mabega ya watu. Mabega yenyewe ya nani? Salehe ana mgongo. Vijana wa Bi Mkubwa wako Dar. Wa mwalimu wa madrasa yuko Muscat. Mimi niko huku nabeba mchele. Kaa ufikirie ni nani atakayeshika miti ya machela pale kwenye ule utelezi wa jiwe jeupe, utaona unawafikiria wazee.

Akae kwa dada yangu Fatuma, nyuma ya soko. Fatuma ana mdomo lakini ana vyumba, na hospitali unaiona ukisimama mlangoni pake.

Na mtu asiseme Athumani amevunja mila. Mimi sivunji mila. Mila inasema mimba ya kwanza azalie kwa mama yake. Haikusema mama yake awe amekaa mlima gani. Mama yake ni wewe. Basi shuka naye. Ulipo wewe ndipo kwa mama yake, na anayetaka kubishana aje Jeddah anibishie. Goti lako lifunge kitambaa, ushike fimbo yangu ya mvinje, iko juu ya dari, na kuku mwachie mke wa Salehe. Msirudi mpaka mtoto ametimiza arobaini. Najua utasema shamba. Shamba halina miguu, mtalikuta.

Mwenyekiti atapiga kelele. Atasema tunataka daraja na nyumba ya Athumani inatoa watu wawili, watatu ukimhesabu wa tumboni, ingawa huyo makarani hawamhesabu. Mwambie hivi, kwa maneno yangu. Daraja nalitaka mimi kuliko yeye. Yeye ana pikipiki, anaipitisha mtoni kwa kubebwa. Lakini Mwanaidi si kichwa cha kuazimwa. Watu wa kijiji cha Mohan walihesabiwa Sarita bado hajaozwa, akiwa mmoja wao, na bado hawakutosha. Na daraja lenyewe, hata tukitosha, litakuja lini? Wataandika, watapeleka, watajibiwa, atakuja mtu na kamba ya kupimia, ataondoka nayo. Tumbo la Mwanaidi halingoji mtu wa kamba. Akikasirika akasirike, nitamletea saa.

Lipo jingine, la mdogo wangu Hoza. Namjua. Makarani wakija atasema ukoo wetu watu hawahesabiwi kama mbuzi, kuhesabu watu ni kuwaonyesha kwa mauti, na atawapeleka watoto kulala kwenye vibanda vya mahindi ili wasionekane. Hoza hajakosea. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na baba na mimi sitamwambia baba ni mwongo. Lakini baba alikataza kuhesabu. Hakukataza kutaja. Mtu anatajwa kila siku, anaitwa kula, anaitwa kuswali, anaombewa dua kwa jina lake. Basi Hoza akae mlangoni, karani akija asimwambie watu ni wangapi. Amtajie majina tu, moja baada ya jingine, taratibu. Karani ataandika. Kujumlisha atajumlisha karani mwenyewe mjini, na dhambi ya kujumlisha ni ya aliyejumlisha. Hili nimelifikiria mwenyewe, sikuambiwa na Kariuki wala na mtu yeyote. Nililifikiria nikiwa nimebeba gunia.

Na watoto walale nyumbani siku hiyo, si vibandani. Mwambie Hoza kaka yako amesema.

Ili asije akasahau au akajisahaulisha, nimemtayarishia. Ukurasa wa mwisho wa barua hii ni salamu. Kabla hujashuka uchane, umwachie. Azishike salamu zangu amsomee karani kama zilivyo, hapo atakuwa hahesabu watu, anafikisha salamu za kaka yake. Nani atamlaumu?

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Sijui hata kama ni wasiwasi ulio nao, au umezoea kama mimi. Nakula vizuri. Mohan ameanza tena kukunja nguo. Nywele zimeota kama majani ya mpunga machanga, zina mvi, zamani alikuwa anazipaka rangi sikujua. Picha ya mjukuu wake imefika kwenye simu ya Kariuki, kalala kwenye kitambaa cha njano. Mohan aliitazama, akarudisha simu, akauliza chai iko wapi. Nilikuwa nataka nimwambie neno. Mimi, mtu wa maneno. Nikamwonyesha chai iko wapi.

Usiku usinifikirie sana. Mfikirie huyo uliye naye.

Mtoto akizaliwa Fatuma ana mtandao mzuri, nipigieni hata nikiwa kazini. Nimemwambia msimamizi mapema kwamba siku hiyo simu yangu ikilia nitaweka gunia chini. Amekubali. Mimi naogopwa hapa.

Salamu hizi sasa, za kuchana.

Nakusalimu wewe mdogo wangu Hoza, mwenye nyumba ya pili, na mkeo Amina, shemeji yangu anayepika ugali mgumu, sijausahau. Nawasalimu wanao, Rajabu, Tatu na Sikudhani, waitwe wote watatu kwa majina, walale ndani.

Namsalimu mwanangu wa kwanza Salehe na mgongo wake. Namsalimu mkwe wangu Rehema, na wajukuu wangu Athumani, aliyepewa jina langu kwa hiyo ajitahidi, na Zuhura, na yule mdogo ambaye mlimwita Kassimu bila kuniuliza, namsalimu hivyohivyo.

Namsalimu Bi Mkubwa, shangazi yangu, dada wa baba yetu. Asiposikia karani anamwita, karani arudie kwa sauti, masikio ndiyo yaliyochoka, mwenyewe yupo. Asirukwe.

Namsalimu mzee Shemweta, jirani, mjane, anayelala peke yake kule juu na kujifanya hayupo mtu akibisha hodi. Hoza, kapande kwake na karani, mtajeni. Na yeye ni mtu.

Ukifika hapo, Hoza, salamu zimekwisha. Utaona jina langu halimo. Mimi sikulala hapo, karani wa Mohan alikwishanifundisha. La mke wangu nimeliacha, na la Mwanaidi nimeliacha, na sikusahau, nimeliruka kwa makusudi huku kalamu inalitaka. Karani akikuuliza kama kwenye nyumba ya Athumani kuna watu wengine, mjibu hapana. Mwambie wameshuka.

Mimi mumeo, tena kaka yake Hoza,
Athumani